Nani Anaamua Kambini?

Mapema mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipotimua zaidi ya watu laki sita makwao nchini Kenya, maelfu walijikuta katika Uwanja wa Maonyesho ya Kilimo wa Nakuru. Saa ya kula, mahali pa kulala na siku ya kuondoka viliamuliwa na wengine. Miezi ilivyosonga lawama ikazuka: wakimbizi wa ndani wamezoea kupewa, hawataki kujitegemea. Sayansi ya ubongo inaonyesha kwamba lawama hiyo imeshika mambo kinyume.

Mwaka 1967, watafiti wa Marekani Steven Maier na Martin Seligman walieleza kwamba wengi wa mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia hawakujaribu kukimbia hata njia ilipofunguliwa. Walidhani mnyama amejifunza kukata tamaa. Mwaka 2016, kutokana na utafiti wa miaka mingi juu ya ubongo wa panya, waligeuza maelezo yao wenyewe. Kutojaribu huko, yaani kulegea, ni itikio la asili la mwili unaoteseka kwa muda mrefu. Kinachofunzwa ni uwezo wa kutawala hali. Sehemu ya mbele ya ubongo ikitambua kwamba tendo limezaa matokeo, huzituliza seli za ndani zinazoleta kulegea huko, na kinga hiyo hubaki hata shida nyingine ikija. Kwa mtazamo huu, anayeshinda kimya hemani hajafundishwa uvivu. Amekosa nafasi za kuona uamuzi wake ukibadilisha kitu.

Mtu ataniambia panya si binadamu, na ni kweli. Basi tuwatazame watu. Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, na familia zikaahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Fedha hizo hazikutosha kumrudisha mtu kwenye shamba analoliogopa. Vikundi vya wakimbizi wa ndani vilizichanga, vikanunua ploti Pipeline, kando ya mji wa Nakuru, na Maai Mahiu, ambako kijiji cha Jikaze kilizaliwa. Huenda walionunua walikuwa jasiri tangu mwanzo. Lakini ni walewale waliokuwa wakipanga foleni kambini. Kilichoongezeka ni fedha mkononi na jambo la kuamua. Hata hivyo, wengi waliendelea kuishi kwenye mahema juu ya ardhi yao wenyewe, kwa kuwa uamuzi hauleti maji wala mabati.

Pingamizi zito zaidi ni la dharura: mtoto akiwa na njaa, hakuna muda wa vikao. Kwa siku za kwanza nakubali. Ila kambi hudumu miezi, na amri za siku ya kwanza hugeuka desturi. Chakula kikishapatikana, wanawake wanaweza kuchagua vyoo vijengwe wapi, kamati ya wakazi ikasimamia mgao, na penye soko watu wakapewa fedha. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mpango wa Bamba Chakula ulioanza 2015 uliwawezesha wakimbizi kujichagulia vyakula kwa wafanyabiashara. Sheria ya Kenya ya 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani nayo inataka washirikishwe. Mafuriko ya Maai Mahiu ya Aprili 2024 yalionyesha kwamba ukanda huu utahitaji makao ya dharura tena. Ubora wa makao hayo upimwe pia kwa maamuzi yaliyorudishwa kwa wakazi wake, na upimaji huo uanze wiki ya pili, kabla kulegea hakujaitwa tabia.