Mkutano wa Wanawake Kigali: Waligombania Nini, na Sisi Tumfuate Nani?

(Muziki wa kufungulia, unashuka taratibu)

MTANGAZAJI: Wapendwa wasikilizaji wetu wa Mahama, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme na Mugombwa, na ninyi ndugu zetu mnaoishi hapa mjini Kigali: Mwite jirani, sogeza radio karibu na jiko, tuongee.

Siku moja kambini, kwenye foleni ya maji, mama mmoja alinishika mkono akaniuliza: “Mwanangu, wewe wa radio, wale wanawake wakubwa waliokusanyika Kigali kutetea wanawake, mbona tulisikia wanalaumiana wenyewe kwa wenyewe? Sasa sisi tumfuate nani?” Siku ile sikuwa na jibu. Mama, kama unasikiliza, leo nakujibu.

(Mlio mfupi)

Mkutano wenyewe ulikuwa nini?

Ulifanyika hapa Kigali kuanzia tarehe 17 hadi 20 Julai 2023. Uliandaliwa na shirika linaloitwa Women Deliver, lenye makao yake Marekani. Maelfu ya watu walikuja, na ilikuwa mara ya kwanza mkutano huo kufanyika Afrika. Kabla ya hapo ulishafanyika London, Washington, Kuala Lumpur, Copenhagen na Vancouver.

Lakini mizizi yake iko jirani yetu. Mwaka 1987, mjini Nairobi, ilianzishwa kampeni ya dunia ya kuzuia vifo vya akina mama wakati wa kujifungua. Miaka 20 baadaye, mwaka 2007, Women Deliver ilifanya mkutano wake wa kwanza kuendeleza kazi hiyo hiyo.

Rwanda nayo ina sifa yake. Katiba ya 2003 inataka wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi, na katika Baraza la Wabunge wanawake wamepita asilimia 60.

(Mlio mfupi)

Basi kelele zilitoka wapi?

Siku ya ufunguzi, kati ya viongozi waliopanda jukwaani alikuwemo Katalin Novák, rais wa kwanza mwanamke wa Hungaria, mama wa watoto watatu. Alizungumza juu ya familia na umuhimu wa kuzaa. Wanaharakati wengi walikasirika. Waliuliza: huyu amepewaje maikrofoni kwenye mkutano wetu?

Sababu zao ni hizi. Mwaka 2020 bunge la Hungaria lilikataa kuidhinisha Mkataba wa Istanbul, ambao unataka serikali za Ulaya ziwalinde wanawake dhidi ya ukatili. Mwaka 2022 serikali hiyo iliamuru kwamba mwanamke anayetaka kutoa mimba lazima kwanza aoneshwe dalili za uhai wa mimba, kama mapigo ya moyo.

Upande wa pili nao una hoja. Wapo akina mama wengi, hata humu kambini, ambao familia ndiyo nguzo pekee waliyobaki nayo baada ya kukimbia. Mwanamke anayesifu uzazi si adui wa wanawake. Na je, mkutano wa wanawake wote umsikilize tu yule anayekubaliana na waandaaji?

Tena, msikilizaji, usidhani jambo hili lina pande mbili tu kama mpira wa miguu. Chukua suala la jinsia. Mwaka 2020 Hungaria ilipitisha sheria kwamba jinsia iliyoandikwa mtu alipozaliwa haibadilishwi kwenye daftari la serikali. Watetezi wengi wa haki wanasema hiyo inawaumiza watu waliobadili jinsia. Lakini Uingereza kuna vyama vya wanawake, kama For Women Scotland, vinavyosema mwanamke ni aliyezaliwa wa kike, na nyumba za hifadhi za wanawake zilindwe kwa msingi huo. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubaliana nao kuhusu maana ya neno mwanamke katika Sheria ya Usawa ya 2010. Ikakumbusha pia kwamba waliobadili jinsia bado wanalindwa na sheria hiyo wasibaguliwe. Wanaopinga hukumu hiyo wanahofia watu hao watafungiwa milango. Mtu anaweza kuwaunga mkono wale wanawake wa Scotland katika hilo, na bado akakataa siasa za Novák juu ya ukatili na mimba.

(Muziki mfupi)

Hadithi haikuishia hapo. Februari 2024 Novák alijiuzulu. Wananchi wake walikuwa wamegundua kwamba mwaka 2023 alimsamehe mtu aliyefungwa kwa kusaidia kuficha unyanyasaji wa kingono katika kituo cha watoto. Msamaha huo aliutoa Aprili. Julai, alipokuwa Kigali akisema juu ya familia, watu walikuwa hawajajua.

Na Women Deliver yenyewe? Mwaka 2020 wafanyakazi waliishutumu kwa ubaguzi wa rangi ndani ya ofisi zake, uchunguzi ukafanyika, shirika likaomba radhi.

Kwa hiyo mama yangu wa foleni ya maji, jibu langu ni hili: usimfuate mtu kwa sababu ni mwanamke, wala shirika kwa sababu jina lake ni la wanawake. Tazama alichokifanya. Muulize: mwanamke aliyepigwa jana usiku atapata nini kwako leo asubuhi?

Kwa mfano, Isange One Stop Centre ilianza mwaka 2009 katika hospitali ya polisi Kacyiru, na sasa huduma hiyo iko katika hospitali nyingi nchini. Aliyetendewa ukatili anapata matibabu, ushauri, polisi na msaada wa sheria mahali pamoja, bila malipo. Mkimbizi naye anapokelewa.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:

1. Katika kamati yetu ya wanawake, nani huongea kila siku, na nani hajawahi kuulizwa?

2. Tukitofautiana, tunabishana hoja au tunafukuzana?

3. Mgeni akija kutusemea, tunamuuliza nini kabla ya kumpigia makofi?

Jadilianeni kwa heshima, mtuletee majibu. Tukutane kipindi kijacho. Mlale salama.

(Muziki wa kufungia)