Bila Mamashali, Mbio Hazianzi: Funzo kwa Pesa za Kikundi Chako

Jumamosi jioni, mwenzenu wa stage ameanguka na pikipiki. Ndani ya dakika kumi grupu ya WhatsApp imejaa: "Tuma chochote kwa hii namba." Pesa zinaingia kwa simu ya mtu mmoja. Jumatatu maswali yanaanza. Zimefika ngapi? Nani alituma? Mbona hospitali bado inadai?

Kabla tujibu, twende mbali kidogo.

Kati ya Uingereza na Ireland kuna Kisiwa cha Man, chenye bunge lake. Mwaka wa 1904, sheria ya Uingereza ilizuia magari kupita maili 20 kwa saa, na barabara hazikufungwa kwa ajili ya mashindano. Bunge la kisiwa likapitisha sheria ya kufunga barabara zake, na magari yakaanza kushindana hapo. Pikipiki zikafuata mwaka wa 1907 kwa mbio zinazoitwa TT. Tangu 1911 zinapita njia ya mlimani, kama kilomita 60 kwa mzunguko mmoja. Ni barabara zile zile watu hutumia kwenda kazini na sokoni, zenye kuta za mawe, nguzo za stima na milango ya nyumba pembeni.

Siku hizi waendeshaji wa kasi zaidi hupita wastani wa kilomita 215 kwa saa kwenye mzunguko mmoja. Ni hatari kweli: zaidi ya waendeshaji 250 wamefariki kwenye njia hiyo.

Sasa, nani hulinda kilomita hizo zote? Wanaojitolea. Mamashali zaidi ya 500 husimama kando ya barabara bila mshahara. Wengine huchukua likizo na kusafiri kutoka nchi nyingine ili wapeperushe bendera ya manjano kukiwa na hatari mbele, au wakimbie kumsaidia aliyeanguka. Kila kikundi kina kipande chake, na kipande chako kikiisha, mwenzako anaendelea. Mamashali wasipotosha, mbio hazianzi, hata kama pikipiki ziko tayari na mashabiki wamejaa.

Rudi kwa ile grupu yenu. Pesa zilianza safari bila mashali hata mmoja. Pengine mweka hazina ni mwaminifu kabisa, lakini ameachwa peke yake kwa kilomita zote 60, na lawama ikija ni yake.

Fanyeni hivi mapema, kabla dharura haijafika:

1. Fungueni akaunti ya kikundi au namba ya Paybill. Michango isichanganyike na pesa ya unga ya mtu.

2. Wekeni watu wawili au watatu wa kuidhinisha kutoa pesa. Mmoja akiomba, mwingine anathibitisha.

3. Soma jina kwenye skrini kabla ya kukamilisha malipo. Kama si jina mlilokubaliana, sitisha. Matapeli hupenda sana kudandia habari za ajali.

4. Piga simu kwanza. Ukipata ujumbe kwamba "namba ya mchango imebadilika," mpigie kiongozi unayemjua, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani.

5. Tumeni taarifa ya akaunti kwa grupu. Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kila mwanachama aone.

6. PIN ni yako peke yako. Hata mwenyekiti haihitaji. Hata sisi hatutawahi kukuuliza.

Anayejitolea halipwi, lakini anahitaji kuaminiwa. Watu wakianza kunong'ona kuhusu pesa, mchango ujao utakuwa mdogo, na atakayeumia ni yule anayesubiri kitandani.

Kikao chenu kijacho ni lini? Wekeni ajenda moja tu: mamashali wetu ni nani?