Wageni Watalala Wapi?

Kwa miaka miwili tulizungumzia kuuza trela letu, na kila mara mazungumzo yaliishia kwenye swali langu mwenyewe: wageni watalala wapi?

Tunaishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Huku kaskazini mwa Marekani kiangazi ni kifupi, na kikifika watu huelekea ziwani na msituni wakiwa wanakokota nyumba zao nyuma ya gari. Nasi tukanunua ya kwetu, trela la mita tisa na ushee lenye jiko la gesi, bafu, choo na vitanda vya ghorofa. Hata ukuta wa sebule ulisogezwa nje kwa swichi ili kuongeza nafasi mkishaegesha. Muuzaji alisema linalaza watu wanane. Mimi nimelelewa Tanga, katika nyumba ambayo mkeka wa mgeni ulisimama nyuma ya mlango mwaka mzima. Niliposikia wanane, sikuuliza kingine.

Laiti ningeuliza uzito. Likishajazwa maji, vyombo, baiskeli na mchele wangu wa wiki mbili, trela lilivuka kilo 3,500. Pikapu tuliyokuwa nayo haikuliweza, ikabidi tununue kubwa zaidi. Pikapu na trela vikiunganishwa vilikuwa na urefu wa mita 16 hivi. Kwa urefu huo hutafuti tena mahali pa kula njiani. Unatafuta mahali pa kugeuzia.

Kuna kanuni ambayo kila anayekokota trela anapaswa kuijua kabla hajatoka nyumbani. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela inatakiwa ilalie kwenye ndoano, yaani iikandamize pikapu kwa nyuma. Ikipungua, mkia wa trela huanza kucheza. Sisi tulikuwa tumefunga baiskeli nne nyuma kabisa ya trela, bila kutambua kwamba uzito wake ulikuwa ukiinyanyua ndoano.

Tulifundishwa na barabara ya I-90, huko South Dakota, kwenye nyika isiyo na hata mti wa kukinga upepo. Lori refu lilitupita kwa kasi, wimbi la upepo wake likalisukuma trela, trela likayumba kulia, likarudi kushoto, na kila mara likayumba zaidi ya mara iliyotangulia. Usukani haukutusikiliza tena. Mume wangu alinyanyua mguu kwenye mafuta, hakugusa breki ya pikapu, akapapasa kile kiswichi kidogo chini ya dashibodi kinachofunga breki za trela peke yake. Trela likaanza kujivuta nyuma, likanyooka taratibu. Tulipofika kituo cha kupumzikia mikono yake ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka mtoni.

Mama mkwe alikuwa nasi safari ile, amekuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu. Alikaa kwenye benchi, akajitanda kanga yake vizuri, akalitazama trela kwa muda. "Mwanangu," akaniambia, "nimeona mbuzi wengi wakikokotwa kwenda mnadani. Mbuzi akigoma, anayeanguka ni mwenye kamba."

Sitaki msomaji adhani nalichukia trela. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa matrela 41 ya alumini inayong'aa kutoka Cape Town hadi Cairo, kwenye barabara ambazo hata malori yalizihofia, na mwaka uliofuata yakapigwa picha mbele ya piramidi. Trela imara, lililopangwa mizigo yake sawasawa, ni chombo kizuri. Ukilifikisha kambini unalifungua, unaenda sokoni na pikapu yako, nyumba inabaki inakungoja. Familia inayokaa mahali pamoja mwezi mzima haina sababu ya kuliacha.

Sisi hatukukaa mahali pamoja. Na mahali tulipopataka zaidi hapakututaka. Kambi nyingi za zamani katika misitu na hifadhi za Marekani zilijengwa miaka ya 1930 na vijana waliopewa kazi katika kikosi cha Civilian Conservation Corps, wakati wa Rais Franklin Roosevelt. Mchoro wake ulitokana na mawazo ya mtaalamu wa magonjwa ya miti, Emilio Meinecke. Aliona magari ya watalii yakiegeshwa ovyo chini ya miti mikubwa, matairi yakiushindilia udongo hadi mizizi ikakosa hewa na maji. Ndipo akapendekeza barabara ya kuzunguka yenye njia moja, na kwa kila familia kijia kifupi cha kuegesha kilichowekewa mipaka ya mawe na magogo. Vijia vile vilipimwa kwa magari ya wakati ule. Mara ngapi nimesimama mbele ya kijia kama hicho, mto unasikika nyuma ya misonobari, watoto wameshavaa nguo za kuogelea, na mimi nahesabu hatua nikijua jibu. Tunaondoka, tunalala kwenye uwanja wa kokoto kando ya barabara kuu, umeme upo, maji yapo, dirishani tunatazama trela la jirani.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko ile hofu ya South Dakota. Hofu ilikuwa ya siku moja. Lakini kila kiangazi trela ndilo lililotuamulia tulale wapi, na sisi tulilipa deni lake, bima yake, na kodi ya uwanja wa kulihifadhia, kwa sababu mtaani kwetu hairuhusiwi kuliegesha mbele ya nyumba. Minnesota ikiganda, kuanzia mwisho wa Oktoba, mabomba yake lazima yajazwe dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, kisha linafungwa hadi masika. Na wale watu wanane? Katika miaka mitano vitanda vyote vilijaa mara mbili.

Tuliliuza mwezi wa Aprili, pamoja na pikapu. Tukanunua gari-nyumba la mita 7.3, lililojengwa juu ya chasisi ya Ford Transit, lenye kitanda cha wazazi nyuma na kingine juu ya dereva ambacho watoto walikigombania kabla hatujatoka kwenye yadi. Kulichagua kulituchukua miezi mitano. Jambo la kwanza nililojifunza ni kuhesabu mikanda ya viti kabla ya vitanda. Magari mengi ya aina hii yanalaza watu wengi kuliko yanavyoweza kuwabeba salama, na kiti cha mtoto kinahitaji siti inayotazama mbele, iliyofungwa kwenye fremu ya gari. Jambo la pili ni kibandiko kinachotaja uzito wa mizigo unaoruhusiwa. Maji ni kilo moja kwa kila lita. Tangi likijaa, kilo mia na zaidi zimekwenda kabla hujapakia hata kijiko.

Sufuria ya pilau ya watu thelathini ilibaki nyumbani. Nilijaribu kuipenyeza chini ya kiti, mume wangu akanitazama bila kusema neno, nikaitoa.

Udogo una gharama zake. Mkisahau maziwa, nyumba nzima inafungwa: vyombo kabatini, waya wa umeme unachomolewa, mnaendesha nyumba hadi dukani. Injini ikiharibika, gereji inachukua kitanda chenu pia. Ukipiga kona, mkia wa gari unatupwa nje upande wa pili, na mimi nimekwangua nguzo ya pampu ya mafuta kabla sijalizoea hilo. Wala udogo haufungui kila lango. Kwenye hifadhi ya Glacier, Montana, sehemu ya juu ya barabara ya Going-to-the-Sun hairuhusu gari linalozidi futi 21, karibu mita 6.4. Tuliliacha letu chini, tukapanda basi la hifadhi hadi Logan Pass, mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, watoto wakashika theluji mwezi wa Julai. Mafuta yamepungua: pikapu ikikokota ilikwenda kilomita nne kwa lita, gari hili linakwenda sita. Lakini nikisema ukweli, si mafuta yanayonifurahisha. Ni kwamba nyumba sasa inatosha kwenye kile kijia cha mawe na magogo.

Mama mkwe alirudi kiangazi kilichofuata. Mikanda ni minne, sisi tukawa watano. Swali langu la zamani likanikalia kooni wiki nzima. Mwishowe mama alikaa mbele pembeni yangu, wajukuu nyuma, na mume wangu akatufuata kwa gari letu dogo la mjini, buti limejaa hema na magodoro.

Tulikwenda Itasca, hifadhi ya jimbo iliyoanzishwa mwaka 1891, pale mto Mississippi unapotoka ziwani ukiwa kijito cha kuvuka kwa miguu, kabla ya kuanza safari ya kilomita zaidi ya 3,700 hadi Ghuba ya Mexico. Mama alivua viatu, akakunja kanga magotini, akakanyaga jiwe moja baada ya jingine huku kashikwa mikono pande zote mbili. Upande wa pili akauliza kama huu ndio ule mto wa kwenye ramani kweli.

Usiku mvua ilinyesha. Kitanda cha nyuma tulimpa yeye, watoto wakapanda chao cha juu, na mimi na mume wangu tukaingia kwenye hema, hatua tano kutoka mlangoni. Taa ndani ya gari ilikuwa bado inawaka. Kupitia turubai na mvua nilimsikia mama akiwahadithia habari za sungura na fisi, na watoto wakimwitikia kwa Kiswahili.