Umeme wa Mahindi na Umeme wa Moyo

Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayozalisha mahindi kwa wingi nchini Tanzania, na mkulima wa Songea huitambua kiu ya shamba kwa majani yanayojiviringa. Lisiloonekana ni kwamba maji yakiifikia tena mizizi, habari hupelekwa majanini kwa umeme. Mwaka 1998 watafiti Jörg Fromm na Hui Fei walieleza jambo hilo: mahindi ya udongo mkavu yalipomwagiliwa, ishara ya umeme ilipanda kutoka mizizini, kisha majani yakaongeza ubadilishanaji wa gesi.

Mmea hauna ubongo wala mishipa ya fahamu. Umeme wake hutokana na ayoni, yaani chembe za chumvi zenye chaji, zinazovuka utando wa seli. Seli inaposisimuliwa, kalsiamu huingia na kloraidi hutoka. Kisha potasiamu hutoka na kuirudisha seli katika utulivu. Katika kifauwongo, mmea unaofumba majani ukiguswa, ishara hiyo husafiri sentimita chache kwa sekunde. Katika neva za binadamu zilizo na kasi kubwa, hufikia mita 100.

Moyo nao hufuata kanuni hiyo, ingawa mwanzoni kinachoingia ni sodiamu. Utulivu wake baada ya kila pigo hutegemea potasiamu, kama ilivyo kwa mahindi. Kwa kawaida damu huwa na milimoli 3.5 hadi 5.0 za potasiamu kwa lita. Kuhara sana hupunguza kiwango hicho. Figo zikishindwa kazi, hupanda. Hali zote mbili zaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hata kuyasimamisha.

Kwa hiyo anayehara hunywa ORS mapema, kwani hurudisha maji pamoja na chumvi, potasiamu ikiwemo. Maji matupu hayatoshi. Mgonjwa wa figo huomba ushauri kuhusu vyakula vyenye potasiamu nyingi, kama ndizi na parachichi. Mhudumu naye hadungi kamwe potasiamu mshipani bila kuizimua: hutolewa polepole kwa dripu, mgonjwa akifuatiliwa.

Kufanana huku si ushahidi kwamba majani ya kifauwongo hutibu moyo au kupooza. Anayelegea misuli au kuhisi moyo ukirukaruka baada ya kuhara afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.