Mke mwenye damu tofauti aweza kumpa mumewe figo

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa kundi O ambaye mkewe wa kundi A alikuwa tayari kumpa figo alijibiwa kuwa haiwezekani. Damu ya O ina kingamwili za asili zinazoshambulia alama za A katika mishipa ya figo hiyo, ambayo huweza kufa ndani ya saa chache.

Japani, ambako figo za marehemu ni adimu, madaktari walianza upasuaji huo mwaka 1989. Mgonjwa aliondolewa wengu pia, ili kupunguza kingamwili. Adhabu juu ya adhabu. Mwaka 2001 madaktari wa Stockholm, Sweden, waliuacha wengu mahali pake. Walitumia dawa ya rituksimabu, inayoangamiza seli ambazo ni chimbuko la kingamwili, kisha wakaichuja damu.

Cha ajabu, wiki mbili za mwanzo zikipita salama, kingamwili huweza kurudi na figo isidhurike.

Hata hivyo, gharama ni kubwa, na kinga iliyodhoofishwa hukaribisha maambukizi. Ndiyo maana, inapowezekana, wanandoa wawili wenye tatizo hilo hushauriwa kwanza kubadilishana wachangiaji.