Muziki wa Brazili (2): Tuzo ya Wasioimba

Juma lililopita tulikuwa na waimbaji. Leo ni zamu ya wale wanaokaa nyuma yao. Dunia inawajua João Gilberto na Elis Regina, lakini mpiga ala, hata awe fundi namna gani, mara nyingi jina lake huishia nyuma ya jalada la santuri, kwa herufi ndogo.

Mwaka 2001, benki ya maendeleo ya jimbo la Minas Gerais ilianzisha mjini Belo Horizonte tuzo ya kila mwaka ya wapiga ala wa jimbo hilo, Prêmio BDMG Instrumental. Kinachonivutia ni masharti yake. Wepesi wa vidole hautoshi. Mshindani huja na tungo zake mwenyewe, pamoja na wimbo wa Kibrazili unaofahamika, alioupanga upya. Mtihani wenyewe, kwa maoni yangu, uko hapo kwenye wimbo wa mwenzio: maneno yameondolewa, wasikilizaji wanayo kichwani, nawe uwafanye wasiyakumbuke.

Kabla ya hapo, mwaka 1998, kampuni ya kadi za malipo ya Visa ilikuwa imeanza kudhamini tuzo yake, ambayo ilikwenda kwa zamu: mara wapiga ala, mara waimbaji, mara watunzi. Mwaka 2001 ilichukuliwa na Yamandu Costa, kijana wa miaka 21 kutoka Passo Fundo, kusini kabisa mwa nchi.

Gita lake lina nyuzi saba. Katika choro, muziki wa ala uliozaliwa Rio de Janeiro karne ya 19, filimbi au mandolini hubeba lahani, cavaquinho, gita dogo, hukazana na mdundo, na pandeiro, ambayo ni kama tari yetu yenye visahani vya shaba, huwaweka wote pamoja. Uzi wa saba, mnene kuliko wote, ni kazi ya kidole gumba: hushuka chini kwa besi, huijibu lahani, hupanda tena. Ni kazi ya msindikizaji. Costa aliileta mbele ya jukwaa, na mwaka 2021 yeye na mpiga gita mwenzake Toquinho walipata Grammy ya Kilatini ya albamu ya ala.

Ukibahatika kumsikiliza, achana kwanza na lahani. Fuata kidole gumba. Sehemu ya tatu itamhusu Pixinguinha (1897–1973), mpiga filimbi na saksafoni aliyeipa choro sura tuijuayo.