Uso Uliofichwa Nyuma ya Mzuka

Usiku wa mbalamwezi, katika barabara ya shamba isiyokuwa na mtu, kijana mmoja mrefu mwembamba mwenye vindevu vichache kidevuni alikuwa akirejea nyumbani kutoka sinema pamoja na mbwa wake mkubwa, na mara wakakuta gari dogo la mizigo limesimama njiani bila ya dereva, ila deraya tupu ya askari wa kale imeketishwa kitini, na kichwa cha deraya hiyo kikaanguka mbele ya macho yao. Kwa kisa hicho, Jumamosi ya tarehe 13 Septemba 1969, katika televisheni ya CBS ya Marekani, ulianza mfululizo wa katuni uitwao Scooby-Doo, Where Are You!, ambao tangu hapo umefufuliwa mara nyingi, kwa majina mbalimbali na kwa nia mbalimbali, hata leo watoto wanaomjua mbwa huyo ni wajukuu wa wale waliomwona kwanza.

Deraya ile ilipelekwa katika jumba la makumbusho, na ikasemwa kwamba askari wake mweusi hufufuka mwezi ukipevuka. Na kweli akaonekana akitembea gizani, akiwafukuza kijana yule Shaggy na mbwa wake Scooby, pamoja na wenzao Fred, Daphne na Velma. Lakini watoto wale, pamoja na hofu yao, hawakuacha kutazama: waliokota miwani ya ajabu isiyofanana na miwani ya watu wa kawaida, wakatambua kwamba picha iliyokuwapo ukutani haipo tena, wakaunganisha hili na lile, na mwisho, kofia ya chuma ilipovuliwa, ndani hamkuwa na pepo wala jini, bali Bwana Wickles, mtunzaji wa jumba lenyewe, ambaye alikuwa akiuza picha za asili na kutundika za bandia mahali pake, na ambaye alimficha mtaalamu wa Kiingereza wa mambo ya kale asije akaigundua hila hiyo. Nami nashikilia kwamba dakika ile ya kuvuliwa kofia ndiyo roho ya mfululizo mzima, na kwamba kila ufufuo wake hauna budi kupimwa kwa namna ulivyoitendea dakika hiyo.

Asili ya katuni hii ni malalamiko ya wazazi. Mwaka 1968, mwaka ambao Martin Luther King na Robert Kennedy waliuawa kwa risasi, Wamarekani wengi walianza kuuliza ni nini wanachofundishwa watoto wao na mapigano yaliyojaa katika katuni za Jumamosi asubuhi, na Fred Silverman, aliyesimamia vipindi hivyo katika CBS, akatafuta hekaya ambayo ingemsisimua mtoto pasipo mtu kupigwa. Waandishi Joe Ruby na Ken Spears, wa studio ya William Hanna na Joseph Barbera, wakatunga habari za vijana wapelelezi. Mara ya kwanza wakubwa wa CBS waliikataa kwa kuwa inatisha mno, na hapo mbwa, ambaye alikuwa wa pembeni na aliitwa Too Much, akaletwa mbele ili uoga wake uwachekeshe watoto pale walipokuwa karibu kulia. Jina jipya Silverman alilipata, kwa masimulizi yake mwenyewe, katika silabi zisizo na maana ambazo Frank Sinatra anamalizia nazo wimbo wake wa Strangers in the Night.

Aliyemchora mbwa huyo ni Iwao Takamoto, na habari zake zastahili kutuchelewesha kidogo. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1925, mwana wa Wajapani, na vita vilipozuka baina ya Marekani na Japani, yeye na jamaa zake walitiwa katika kambi ya Manzanar, jangwani California, kama walivyotiwa maelfu ya watu wa asili yao ambao hawakuwa na hatia yoyote. Na huko kambini, kwa wenziwe wenye ujuzi wa sanaa, ndiko alikojifunza uchoraji uliomwezesha baadaye kuajiriwa na studio ya Disney. Alipotakiwa kuchora mbwa wa aina ya Great Dane, alimwendea mfanyakazi mwenziwe aliyefuga mbwa hao, akasikiliza kwa makini sifa zote za mbwa aliye bora, yaani mgongo ulionyooka, miguu iliyosimama sawasawa na kidevu kidogo, kisha akaketi akachora kinyume cha kila alichoambiwa: mgongo ulioteremka, miguu iliyopinda na kidevu kikubwa. Mtu aliyeyaonja maisha ya kuhukumiwa kwa sura ya uso wake akamfanya mnyama mwenye kasoro zote apendwe na watoto wa dunia nzima. Na mimi kila nikimtazama Scooby nayakumbuka hayo.

Ama kazi yenyewe ya uchoraji ilikuwa ya kubana matumizi. Sekunde moja ya filamu hupita kwa picha 24, na studio za sinema za zamani ziliweza kuchora nyingi kati ya hizo. Televisheni haikuwa na fedha hizo, kwa hiyo Hanna na Barbera waligawa mwili vipande, wakaacha kiwiliwili kitulie na kuchora upya mdomo na macho tu. Mtazame mbwa shingoni: ule ukosi wa buluu umefunika mshono ambapo kichwa kinachocheza kimeungana na mwili usiocheza, na ndiyo maana wanyama wengi wa studio hiyo wamevishwa kola au tai. Mandhari nayo ilirudiwarudiwa, hata mtu akikimbia huipita taa ile ile mara tano. Lakini umaskini huo ulizaa uzuri wake, kwani wachoraji wa mandhari waliweka juhudi yao yote katika majumba mabovu, miti mikavu na anga la zambarau, na pale palipokosekana mwendo pakajaa vitisho.

Msomaji wa Kiswahili hakukiona kigeni kisa cha mtu aliyejificha nyuma ya mzuka. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, alikuwa amekwisha kumleta Bwana Msa na kiko chake mbele ya maiti iliyokutwa penye mzimu, ambapo wengi waliamini kwamba wazee waliokufa ndio walioua, naye kwa utulivu na mantiki akawaonyesha kwamba mkono uliotenda ni wa mtu aliye hai. Waandishi hawa, mmoja wa visiwani kwetu na wengine wa California, waliijua hila moja ya zamani, kwamba mwenye tamaa hujisitiri nyuma ya hofu ya wenziwe.

Sasa tuje kwenye ufufuo. Ulio mkubwa wa kwanza, kwa rai yangu, ni filamu ya mwaka 1998, Scooby-Doo on Zombie Island, ambayo inaanza na vijana waliokwisha kuwa watu wazima na kutawanyika, kila mmoja na kazi yake, wamechoshwa na kufichua watu waliovaa barakoa. Wanakutana tena, wanakwenda kisiwa chenye vinamasi huko Louisiana, na huko Fred anaushika uso wa maiti anayetembea, akauvuta kwa yakini ya mtu aliyefanya hivyo mara mia, asiikute barakoa. Wafu wale ni wafu kweli, na tena hawakuja kudhuru bali kuonya. Wenye shari ni wenyeji wapole waliowakaribisha. Wako waliosema kwamba filamu hii iliivunja ahadi ya asili. Mimi naona iliitimiza kwa njia ya mbali, maana nyuso bado zilificha kitu, ila safari hii zilizovaa barakoa zilikuwa nyuso nzuri.

What's New, Scooby-Doo?, iliyoanza mwaka 2002, iliwapa vijana simu za mkononi na kompyuta, ikawarudishia maadui wa kibinadamu, basi. Kazi safi isiyohitaji maelezo mengi. Inafaa kutajwa kwamba Casey Kasem, aliyekuwa sauti ya Shaggy na ambaye hakula nyama, alirejea kwa sharti kwamba Shaggy naye asile nyama.

Lakini Scooby-Doo! Mystery Incorporated, ya mwaka 2010 hadi 2013, yenye sehemu 52, ndiyo iliyouchimba msingi. Humo vijana wanakaa katika mji wa Crystal Cove, ambao unajipatia riziki kwa mizuka yake: watalii huja kuogopa, wazazi wa Velma wana jumba la kuonyeshea mavazi ya waovu waliokamatwa, na meya, baba yake Fred, huchukia kila mara vijana wanapothibitisha kwamba mzuka fulani ni mtu, kwa sababu biashara inaharibika. Hapo ukweli umepata gharama. Na mwisho wa msimu wa kwanza Fred anamvua barakoa zimwi lililowatesa, akakutana na uso wa baba yake, kisha akasikia kwamba hata ubaba wenyewe ni uongo, kwamba aliibwa angali mtoto mchanga. Kijana aliyeishi kwa kutega mitego anasimama pale hana la kusema. Sijui ufufuo mwingine wowote wa katuni ya watoto ulioichukua desturi ya kuchekesha ya mababu zake na kuiuliza swali zito kama hilo: je, utaipenda kweli hata kama uso utakaoufumbua ni wa aliyekulea?

Katuni ya Velma, iliyotoka Januari 2023, ilitengenezwa kwa watu wazima, na mbwa hayumo. Watengenezaji walikuwa na haki ya kuwabadilisha vijana rangi na asili, na hilo ningelipokea kwa furaha. Kilichoniuma ni kwamba kipindi kizima kinaidharau hekaya kinayoirithi, damu inamwagika kwa wingi, na mtoto aliyempenda mbwa hana mahali pa kuketi. Ilikoma baada ya misimu miwili.

Nyumbani kwetu mjukuu wangu wa miaka sita hutazama ile ya 1969 pamoja nami, amejifunika upindo wa kanga ya bibi yake mpaka chini ya macho. Mzuka ukitokea, upindo hupanda, Fred akisogea kuuvua uso, upindo hushuka polepole, na hata akiwa ameiona sehemu hiyo mara nne na jina la mwovu analijua kwa moyo, hunishika mkono na kuninong'oneza, "Babu, usiseme." Frank Welker, aliyempa Fred sauti yake mwaka ule wa 1969, aliendelea kumsemea miaka hamsini na zaidi, na tangu 2002 humsemea mbwa pia, kwa hiyo mjukuu akihama kutoka toleo la kale kwenda jipya sauti inayomwambia ni wakati wa kumjua mwovu ni ya mtu yule yule, naye upindo huushusha vile vile.